Hina ya Mke wa Msafiri

Enzi zetu, wenzangu tulioota meno ya kwanza Mdachi angali bomani pale Dodoma, mtoto alijua kwa pua kwamba Idd imekaribia. Ukipita nyuma ya nyumba za Waswahili, kila ua ulinuka majani mabichi na ukwaju, vinu vinagonga, na watoto wa kike wamejazana hapo kama kuku waliosikia mtama unamwagwa. Nimejaribu kumweleza mjukuu wangu harufu hiyo, akaniangalia kwa huruma. Yeye ana kichupa chake cha rangi ya kucha, kinanuka kama mafuta ya taa. Anapaka, anapuliza fuu fuu, na kabla sijamaliza kikombe cha chai ameshatoka zake mtaani. "Bibi, mambo yenu yalikuwa marefu," ananiambia. Kweli, yalikuwa marefu.

Mhina ulikuwa mmoja tu mtaa mzima, nao ulikuwa wa Bibi yangu, mama yake baba, aliyewagawia majirani wote majani. Alikuja nao kutoka Bagamoyo akiwa mke mbichi wa mpagazi, kijiti kimefungwa kwenye tambara lenye maji, na njia nzima ya msafara alikinywesha kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Walipoingia Ugogo, ambako maji yalikuwa adimu kuliko samli, babu alimwambia akitupe. Akamjibu, "Nitupe mimi kwanza." Basi kijiti kikapandwa, kikashika. Nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kutawadha mahali pengine ila shinani pa mhina, hata maalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee mkali mwenye ndevu nyekundu alizotiwa hina na Bibi huyo huyo. Bibi aliamini kuwa maji ya udhu ndiyo yaliyofanya majani yake yakolee. Sisi watoto tulitawadha mara tano kwa siku bila kukumbushwa, si kwa uchaji, jamani, bali kwa uroho wa hina.

Majani yalichumwa asubuhi jua halijapanda, yakaanikwa kivulini, maana jua huyala nguvu. Yalitwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa chepesi, yakakandwa kwa maji ya ukwaju, yakafunikwa mpaka kesho yake. Halafu unapakwa, unafungwa majani ya mbono na matambara juu yake, na unakaa. Unakaa kweli kweli! Huli kwa mkono wako, hujikuni, inzi akitua puani unamwita mama. Ukifunguliwa unakuta rangi ya machungwa, unapakwa mafuta ya ufuta, na siku ya pili yake kiganja kimekuwa chekundu cha kuiva. Tena haikuwa urembo tu. Mwenye magaga miguuni alipakwa nyayo. Mwenye kichwa kinachogonga kwa jua la kiangazi alipakwa utosini, akalala, akiamka kapoa. Vizee walipakwa nyweleni, mvi zikawaka kama makaa. Bibi hakuwa na dawa ishirini. Alikuwa na mti mmoja na subira.

Asubuhi moja tabibu wa Kidachi alipita mtaani na askari wake, akakuta wanawake sita wamekaa barazani, mikono na miguu imefungwa matambara. Akaruka nyuma, akadhani ni ndui. Askari akatupigia kelele tujipange mstari. Bibi akafungua tambara moja taratibu, akaonyesha kiganja, akasema, "Mwambie bwana wako, ugonjwa huu huwapata wenye waume." Askari alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sijui alimtafsiria nini yule bwana, lakini hakuna aliyekula viboko hamsa ishirini siku ile.

Tuliishi hivyo. Asubuhi chuoni, mchana kucheza mdako kwa vijiwe, jioni ugali wa uwele na mlenda, na ubuyu wa kumung'unya mpaka ulimi unawasha. Treni ilipoingia stesheni ilipiga honi, mji mzima ukasikia, nasi tukatimua mbio kwenda kuitazama ingawa tulikuwa tumeiona juzi tu. Mama Chilewa, Mgogo jirani yetu, alituletea maziwa kwenye kibuyu, akipiga hodi yake ileile, "Mbukwenyi!" Yeye na Bibi walikuwa na utani usiokwisha. Mama Chilewa alijipaka udongo mwekundu uliokandwa kwa mafuta, naye alisema rangi yake ni bora, unajipaka leo, ukichoka unaoga. Bibi alimjibu kuwa rangi ya kuoga ikaisha ni ya watu wasiojua wanachotaka.

Lakini hina kwetu ilikuwa na sharti, na ndilo lililoniponza. Mke wa msafiri hapaki. Mume akishika njia, mke huacha mikono mitupu mpaka habari ije kwamba mwenyewe yuko karibu. Hapo ndipo anapopaka, ili akifika ampokee kwa mkono mwekundu. Wanawake wa mji wetu, ambao waume zao walikuwa watu wa kubeba mizigo ya misafara tangu zamani, walilishika sharti hilo kuliko mengine mengi. Na nyumbani kwetu Bibi aliongeza lake: mkono wa mama ukiwa mtupu, wa binti hautangulii.

Vita vilipokuja, Mdachi akachukua wanaume wa kubebea askari mizigo. Baba alichukuliwa asubuhi, yeye na wengine wengi, wakapelekwa upande wa pwani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniinua, akanisugua shavu kwa kidevu chake kilichokuwa hakijanyolewa, akaniambia, "Msaidie mama yako maji." Basi. Ilikuwa ndiyo salamu.

Idd ya kwanza ikapita mikono yetu ikiwa mitupu. Nikavumilia. Ya pili ilipokaribia nilikuwa na miaka tisa hivi, na subira iliniishia. Rafiki yangu Tabu, ambaye baba yake alikuwa fundi viatu na hakuchukuliwa, alikuwa ameshapakwa. Alikuja kunionyesha viganja, akaviweka karibu kabisa na pua yangu. "Wewe utasali Idd na mikono ya kijivu?" akaniuliza. Enyi wenzangu, mtoto wa kike alikufa kwa maneno kama hayo. Nikachukua mtungi nikaenda kisimani, na njia nzima nikilia kwa hasira.

Niliporudi nilimkuta Mama amekaa na ungo, anapepeta uwele. Nikatua mtungi, nikasema, "Mama, nimekutana na mtu ameteremka kwenye treni ya leo. Kasema baba yuko Kilosa. Anakuja."

Uongo mtupu. Hapakuwa na mtu wala nusu mtu. Nilikuwa nimeupanga kati ya kisima na nyumba, na ulinitoka laini mpaka nikajishangaa mwenyewe.

Mama aliuweka ungo chini. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nikadhani ataniuliza huyo mtu ni nani, amevaa nini, jina lake nani. Hakuuliza hata moja. Alisimama, akajikung'uta makapi, akamwita Bibi, "Mama! Mwanao yuko Kilosa. Nitwangie hina."

Sijapata kumwona Mama vile, kabla wala baada. Aliimba akiokota kuni. Alipofungwa matambara yale alikaa barazani ameegemea ukuta, mimi ubavuni pake nami nimefungwa yangu, akawa ananisimulia jinsi baba alivyokuja kumposa akiwa na kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Bibi alimlisha uji kwa kijiko, akimtania, "Mwana mkubwa mzima." Kesho yake tulifunguana, tukalinganisha viganja. Vyake vilikolea kuliko vya watu wote. Bibi akasema damu yake ina joto la furaha. Nami nikaanza kuomba kila nikitawadha, "Ee Mungu, mlete kweli, uongo wangu uwe kweli."

Siku ya tatu baada ya Idd alikuja mtu. Safari hii alikuwa mtu kweli, mpagazi mwenzake Baba, aliyerudishwa kwa sababu ya mguu uliooza kidonda. Hakutaka kukaa. Alisimama uani akasema Baba alishikwa na kuhara njiani, akafa, wakamzika pembeni mwa njia mwezi uliopita. Mwezi uliopita! Mama alikuwa amepaka hina mumewe akiwa ardhini.

Watu walijaa nyumbani kwa kilio. Na kila aliyeingia kumpa mkono wa pole alikitazama kwanza kile kiganja. Mjane wa eda, asiyestahili kujipamba hata kwa uzi, mikono yake inawaka kama ya bi harusi. Nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu alikuwa akijipambia nani?" Bibi naye alisikia. Alimshika Mama mkono akamwingiza chumbani, wakasugua. Walianza na majivu, wakaendelea na mchanga, kisha ukwaju. Mama Chilewa alileta samli, akasugua naye huku machozi yakimtoka. "Yetu mtu anaoga ikaisha," alisema. "Hii yenu ni kaidi." Waliacha ngozi ilipoanza kuchubuka. Bibi akasema, "Basi. Hina haitoki kwa maji. Hutoka kwa siku." Mama akafungwa tena matambara, safari hii ya kuficha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono yangu nimeificha kwapani. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini niliamini, maana mtoto hahesabu miezi, kwamba ni mimi niliyemuua Baba, kwamba Mungu amekasirishwa na uongo wangu, na nikisema tu Mama naye atakufa. Nikanyamaza.

Viganja vilipauka baada ya wiki chache. Kucha ndizo zilizokataa. Mnajua wenyewe jinsi hina inavyokaa kuchani, haitoki mpaka ukucha wenyewe uote. Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na kila Ijumaa alipokata kucha nilitazama ule wekundu ukipanda polepole, weupe ukiusukuma kutoka chini. Ulifika kati. Ukawa kama mwezi mwandamo. Karibu na siku ya kutoka eda, Mama alikata kipande cha mwisho cha kidole gumba, akakiweka kwenye kiganja changu. "Kazike," akaniambia. Nikakizika shinani pa mhina, na sikusema.

Mdachi aliondoka, akaja Mwingereza, ikaja na njaa. Maji yakawa ya kunywa tu, tena kwa kipimo, na watu wakawa wanatayamamu kwa mchanga. Hakuna aliyetawadha shinani pa mhina tena. Ukakauka ukiwa umesimama. Bibi alichuma majani ya mwisho, akayatwanga akayaweka kwenye kibuyu kidogo, akasema hayo ni ya siku ya harusi yangu. Hakuiona, Mungu amrehemu.

Mama hakuolewa tena, na hakupaka tena. Lakini nilipoposwa alikitoa kile kibuyu, akakanda mwenyewe, akanipaka mwenyewe, mikono yake mitupu ikiishika yangu. Hapo ndipo liliponitoka. Nililia nikasema yote: Tabu, kisima, mtu wa treni ambaye hakuwapo. Nikasema, "Mama, nilikudanganya. Nisamehe."

Hakuacha kupaka. Alimaliza kidole, akaingia kingine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Siku ile treni haikuja, mwanangu. Mji mzima ungesikia honi. Mimi si kiziwi."

Nikamwuliza kwa nini basi alipaka. Alichovya kidole kwenye hina, akanipaka kiganjani. Kisha akasema, "Nilikuwa nimechoka kungoja. Nikasema, acha leo mtoto anidanganye, nami nimwamini, walau niwe na mume siku mbili tatu. Halafu habari ikaja, nikajua nimeadhibiwa mimi. Niliona haya kukuambia."

Miaka minane, jamani. Miaka minane tulikula sahani moja, tukalala mkeka mmoja, kila mtu akidhani msiba ule ni adhabu yake. Neno moja lingetosha. Hakuna kitu ninachokijutia katika maisha yangu kama miaka hiyo minane, hata uongo wenyewe sijutii hivyo.

Mama ametangulia zamani. Juzi mjukuu wangu alipaka kucha, akaona rangi haimpendezi. Akachukua pamba na kidawa chake, akafuta vidole vyote kumi mbele yangu, akapaka nyingine, huku akinisimulia habari za shoga yake. Nilimtazama, na nitasema kweli, nilimwonea wivu. Nilimwambia, "Ukiwa na neno na mtu, liseme siku hiyo hiyo." Akacheka, "Bibi naye, tunaongea kucha wewe unaleta mengine!"

Basi nikacheka naye. Angejuaje? Wao wakikosea, wanafuta kwa pamba. Sisi tulingoja kucha ziote.