Yule Mwanaume wa Kwenye King'amuzi

Namuonea wivu mwanaume ambaye sura yake sijawahi kuiona. Hakai hata hapa kwetu Ujiji. Nadhani yuko Dar es Salaam, maana kazi hizo wanazifanyia huko, na kazi yake ni kumsemea kwa Kiswahili yule baba tajiri wa tamthilia ya Kituruki anayoiangalia mke wangu kila jioni. Mturuki anafungua mdomo, sauti inayotoka ni ya huyo mbaya wangu. Sauti nzito, haina haraka, kama ya mtu aliyeshiba na hadaiwi na mtu. Yangu ilishakwaruza siku nyingi.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, nikianzia hapo mtasema mzee kachanganyikiwa.

Shule niliishia la tatu. Nilichojaliwa ni kusimulia. Ujana wangu nilipenda senema za Kihindi kuliko chakula, na nikishaangalia moja, kesho yake niko barazani naisimulia upya kwa mtaa mzima, na nyimbo zake. Kihindi sijui hata neno la kuombea maji, kwa hiyo kwenye nyimbo nilikuwa napachika za Kikongo, zile za magitaa tulizokuwa tunazinasa redioni kutoka ng'ambo ya ziwa. Binti wa Kihindi analia mvuani, mimi namwekea gitaa la Kikongo, na watu wanafuta machozi. Hakuna aliyelalamika. Wapigaji wa magitaa yale nao niliwaonea wivu, ila hilo ni jambo jingine. Nina ugonjwa huo. Hata juzi nimepita ufukweni Katonga nikakuta mtumbwi umechorwa samaki mwenye kope ndefu, kama bibi harusi. Nilisimama pale mpaka mwenye mtumbwi akaniuliza kama nataka kununua. Nilikuwa naumia tu kwamba aliyechora si mimi.

Sasa, kwetu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kuitikia. Msimulizi akifika pa kuvuta pumzi, mwitikiaji anamsukuma mbele: eeh, ikawaje? Asipoitikia, hadithi inakufia mdomoni. Mwitikiaji wangu alikuwa mke wangu. Nilimuoa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, akashuka huku Kiswahili bado kinamuwia kizito, basi akawa anaitikia kwa Kiha: "Ego." Maana yake ndiyo, hakuna zaidi. Lakini alijua pa kuiweka. Ego yake nyingine ilinifanya niongeze mpaka watu ambao kwenye senema hawakuwemo.

Halafu binti yetu aliyeolewa Kasulu akatuletea televisheni na king'amuzi. Nilifurahi, nisiwadanganye. Jioni moja niko nje nasokota kamba ya mbuzi, namsikia yule Mturuki ndani anamwambia kijana wake kwamba huyo unayemwita mama siye aliyekuzaa. Akanyamaza. Na mke wangu, peke yake kwenye mkeka, akasema: "Ego."

Kamba ilinitoka mkononi. Miaka yote nilidhani neno lile ni langu.

Kuanzia hapo nikawa namwekea hadithi wakati wa kula, nzuri nzuri zile za zamani. Ananijibu "mm", sikio liko kwenye televisheni. Nikaona dawa ni kukaa naye niangalie, nimwonyeshe kwamba huyo bwana hana jipya. Mtu akishasimulia senema nyingi kama mimi, atakayekufa anamjua kwa alivyovaa. Nikawa namwambia: yule shemeji ndiye aliyetia sumu. Yule kipofu anaona. Yule mgonjwa haumwi kitu. Na yote yakawa hivyo hivyo. Nilitegemea atastaajabu.

"Mzee," akasema, macho hayatoki kwenye kioo, "wewe ulishawahi kunisimulia hadithi ukaanzia mwisho?"

Nikasema hapana.

"Basi muache mwenzako asimulie."

Mwenzako. Yaani tayari yule ni mwenzangu.

Sikukoma. Siku ya harusi ya yule binti wa Kituruki, jirani yetu alikuja kuangalia nasi. Ni mama mmoja mtumishi wa halmashauri, wamemleta kutoka Mbeya, mstaarabu sana. Kabla bibi harusi hajatoka chumbani nikasema huyo bwana harusi ni kaka yake wa damu. Mama wa watu akaguna. Mke wangu aliinuka. Alijifunga kanga, akamshika jirani mkono, wakaenda kumalizia kwake, upande wa pili wa ukuta. Kwangu hakuangalia tena.

Nikabaki na televisheni yangu. Yule bwana akaendelea kuongea peke yake, akafika mahali akanyamaza, kama ananisubiri. Nikamzima.

Zikapita siku. Mchana mmoja mke wangu anakaanga migebuka kwa mawese, nikauliza kama mtu asiyejali, "Vipi, walioana?"

Aligeuza samaki. Halafu akaanza, na hakuanzia kwenye harusi. Alianzia kwenye viatu vya mama wa bibi harusi, kwamba vilikuwa vinambana, na kwa sababu vinambana alichelewa kushuka ngazi. Bibi harusi alipoagwa, mke wangu akamuimbia wimbo wa kwao Kalinzi, ule wanaomwimbia binti anayeondoka nyumbani. Harusi ya Waturuki ikalizwa Kiha. Kisha akamleta bwana harusi mlangoni, akamuacha amesimama pale, akaongeza chumvi kwenye sufuria.

"Ikawaje?" nikasikia mdomo wangu unasema.

Siri ile niliitoboa mimi mwenyewe, na bado nilikuwa naogopa. Nimesimulia maisha yangu yote, mtu wa kumwacha mlangoni namna ile sijawahi kuwa naye. Nikajikakamua nimsahihishe. Nikasema huyo mama ungemchelewesha kidogo zaidi kwenye ngazi.

"Hii hadithi ya nani?"

"Yako."

"Basi itikia."

Nikaitikia mpaka samaki wakaiva.

Siku hizi ndivyo tunavyoishi. Anaangalia kwa jirani, anarudi, ananisimulia, na yule bwana wa Dar es Salaam nimeshamsamehe, ni mtu wa kusoma tu maneno aliyoandikiwa. Kinachoniuma sasa ni ukuta. Tamthilia inakwisha, nausikia wimbo wake wa mwisho, na mke wangu harudi. Nasikia kimya, halafu yule mama wa Mbeya anacheka mpaka anakohoa, halafu kimya tena. Najua kinachoendelea. Anaisimulia kwanza kule, ikiwa ya moto. Mimi naletewa kiporo.