Somo la Kuondoka

Kila Alkhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, mimi huwafundisha watoto wa Fomu Siksi namna ya kuondoka. Kwenye ratiba ya skuli kipindi kinaitwa Maisha Baada ya Skuli, nami nimekabidhiwa kwa sababu hakuna mwengine aliyekitaka. Nawafundisha kuandika barua ya maombi, kujaza fomu za chuo mtandaoni, kumtazama usoni anayewahoji. Nawaambia wasiiogope Bara, watu wa Bara ni watu. Mwenyewe Bara nimeiona kwenye televisheni tu.

Sisemi hivi ili mtu acheke. Nilipomaliza skuli nilipata nafasi ya kusomea sheria Dar es Salaam. Siku chache kabla ya safari mama akapigwa na kiharusi, na ndugu zangu, wote wanaume, wakanitazama mimi. Hakuna aliyeniambia nibaki. Mama, amelala upande mmoja, ulimi mzito, akaniuliza safari lini. Nikamwambia, "Siendi, mama. Chuo chenyewe sikukipenda tangu mwanzo. Nataka ualimu, hapahapa." Akaamini, nami nikamshukuru Mungu kwamba ameamini.

Tangu hapo namgeuza ubavu kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, na nikiwa skuli, jirani ndiye humgeuza. Nyumba yetu ya Ole, hapa kisiwani, ina vyumba vitatu, na kila ufa wa kuta zake naujua. Kuna siku naichukia mpaka harufu ya karafuu zilizoanikwa nje, na karafuu hazina kosa.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Vitongoji. Pampu ya maji ya skuli ilipoharibika, mafundi walikuja wakaishindwa, yeye akaifungua kwa bisibisi na maji yakatoka. Nilimpenda na nilimwonea wivu, niseme ukweli. Alitaka kusomea uhandisi wa umeme kwenye chuo kimoja huko Mbeya, na matokeo yalipotoka yalikuwa yanatosha kabisa. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na bibi yake aliyemlea, na macho ya bibi yalikuwa yanafifia.

Wiki ya mwisho kabla ya dirisha la maombi kufungwa, bibi huyo alikuja kumjulia hali mama. Mimi nilikuwa jikoni nachuja tui. Nikamsikia mama akimwambia, polepole, kwa fahari, "Huyu wangu alipata chuo Bara, akakikataa mwenyewe. Mie sikumzuia, wallahi."

"Alhamdulillahi," bibi akajibu. "Na wangu n'tamwambia amtazame mwalimu wake."

Nilisimama na kichujio mkononi. Ilinipasa kutoka na kusema neno. Nikarudi kwenye tui.

Siku mbili baadaye yule binti akaja na baiskeli ya mjomba wake. Mtandao wa skuli ulikuwa umekatika, kwa hivyo tulikubaliana atumie simu yangu. Tukakaa ukumbini, juu ya mkeka. Chumba cha mama kiko hapo hapo, na hakina mlango, kina pazia tu. Nikafungua fomu, nikafika penye chaguo la kwanza.

"Andika chuo cha hapa Chake, mwalimu," akasema.

"Kozi gani?"

"Yoyote."

"Bibi kakukataza?"

"Hajanikataza. Nimeamua mwenyewe. Kile chuo sikukipenda tangu mwanzo."

Nilimtazama usoni, kama ninavyowafundisha. Yeye alikuwa anatazama mkeka.

Ningeweza kumtoa uani nikamwambia kwa siri. Hilo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Wakati ule hasira zilinitangulia, na sauti yangu nikikasirika haijui pazia.

"Muongo wewe! Na mimi nilikuwa muongo kama wewe. Nilikitaka kile chuo, na mpaka leo nakitaka. Nilimdanganya mama ili asijione mzigo. Usinifanye mfano, mwanangu. Wallahi usinifanye mfano."

Nyuma ya pazia mama alikohoa mara moja.

Binti alilia sana, nami sikumbembeleza, kwa sababu masikio yangu yote yalikuwa chumbani. Alipojipangusa akaichukua simu mkononi mwangu, akaandika Mbeya mwenyewe, akabonyeza palipoandikwa wasilisha. Akaniaga, akapanda baiskeli akaenda zake. Nilikaa pale mkekani mpaka saa ya kumgeuza mama ikapita.

Sasa yuko mwaka wa kwanza. Hunitumia picha akiwa amevaa kofia ngumu ya kazi, anacheka. Bibi yake amehamia kwa mpwa wake, na tukikutana salamu yangu huijibu shingo upande. Nami kila Alkhamisi naingia darasani, nafundisha.

Mama hajawahi kuniuliza habari za siku ile. Ila kila nikimshika bega kumgeuza, hunambia, "Niwie radhi, mwanangu." Asubuhi, mchana, jioni. Nami humjibu, "Hakuna kitu, mama."

Zamani nilikuwa nikimwambia neno, akiniamini.