Mayai ya Bibi Swaumu

Bibi yangu Swaumu alizaliwa mtaa wa Isevya, akaolewa Isevya, akafinyanga vyungu Isevya, na hakuogopa mtu. Mwaka 1951 tulipotangaziwa kwamba kufuga kuku katikati ya nyumba za mji ni marufuku, alisonya tu. Kuku wake walikuwa wanne.

Siku bwana afya alipoingia uani na daftari lake, bibi alikuwa ameshawafungia wote ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka. Bwana afya akaamkia, "Shikamoo, bibi," akatafuta kiti, asikione, akaketi juu ya kilindo.

Nikasogea karibu na bibi.

"Kuku wako wapi?"

"Niliwapeleka kijijini kwa dada yangu."

Chini yake kitu kikakwaruza. Bibi akaanza kukohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Bwana afya akampa pole, akafunga daftari, akaaga.

Tulikuwa tumepona! Lakini bibi alilelewa na watu waliopokea misafara ya wafanyabiashara. Kwao mgeni hatoki mikono mitupu. "Ngoja, mwanangu," akasema, akaingia ndani, akarudi na kumtilia mayai matatu kiganjani.

Yalikuwa bado yana joto la kuku.

Bwana afya akayatazama. Akamtazama bibi. Akafungua daftari tena.

"Andika!" bibi akafoka. "Andika na jina la baba yangu! Lakini hayo mayai hunirudishii. Kesho nipeleke barazani nikahukumiwe. Leo wewe ni mgeni wangu."