Jibu Nililomnyima Tunu

Usiku ule nililala mapema, baada ya kumdanganya Mariamu. Alikuwa amekuja jioni kuniuliza kama kule hotelini kuna nafasi, nami nikamwambia hakuna. Nafasi ilikuwapo. Mwanamke mmoja wa chumba cha pasi alikuwa anahamia Handeni kwa mumewe, na sisi wote wa kufulia tulijua kwamba ikifika Jumatatu meza yake itakuwa tupu. Mariamu alishukuru, akamaliza chai yake, akaaga. Nilimsindikiza hadi kwenye kona, nikarudi, nikalala.

Mariamu ni mdogo wake Tunu. Tunu alikuwa rafiki yangu, na ndiye aliyeniingiza kazini. Wakati ule yeye alikuwa na mwaka mzima akipiga pasi mashuka na foronya katika hoteli moja pale Tanga, nami nilikuwa nauza maandazi mlangoni kwangu, mengi nikiyala mwenyewe. Alimwendea msimamizi, Bwana Mhina, akamwambia, "Nina mtu wangu, mwaminifu." Basi. Hakuna aliyeniuliza cheti. Pale kila mtu alikuwa mtu wa mtu. Mkataba hatukuwa nao. Kila jioni Bwana Mhina alisimama kwenye ngazi na karatasi, akasoma majina ya watakaokuja kesho. Usiposikia jina lako, unachukua mkoba wako unakwenda nyumbani, na hakuna wa kumuuliza umekosa nini.

Jioni moja, msimu wa wageni wachache, jina la Tunu halikusomwa. Langu lilisomwa. Tulitoka pamoja. Njiani akaniambia, "Shoga, nisemee kwa Mhina. Wewe anakusikiliza." Nikamwambia nitamsemea. Kesho yake nilifika mpaka mlangoni pa ofisi, nikasimama. Nilikuwa nawaza kwamba Tunu akirudi lazima mmoja apungue, na mgeni pale nilikuwa mimi. Nikageuka, nikarudi kwenye beseni langu. Jioni nikapita kwao, nikamwambia, "Amesema usubiri kidogo."

Alisubiri miezi miwili. Kila wiki aliniuliza, kila wiki nikampa jibu lilelile. Baadaye akaacha kuuliza. Mwaka uliofuata aliugua ini, akafariki. Nilikwenda msibani, nikaosha masufuria, siku ya tatu nikarudi kazini.

Tangu afe hakuwahi kunijia ndotoni. Usiku ule alikuja.

Niliingia chumba cha pasi nikamkuta amesimama kwenye meza ya dirishani. Ilikuwa mchana, jua limejaa ukutani. Sikushangaa. Nilijua kwamba amekufa, na nilijua pia kwamba leo amechelewa kazini, na yote mawili niliyaona ya kawaida. Nikashika ncha mbili za shuka, yeye akashika mbili, tukaanza kulikunja kama tulivyozoea. Tunakaribiana, tunarudi nyuma, tunakaribiana tena. Shuka haliishi. Kila tukirudi nyuma linazidi urefu, mpaka yeye yuko mbali kule, nje ya ukuta, katika ua wa kwao Ngamiani, na mimi bado nimeshika ncha zangu.

Sasa nami nipo uani. Watu wamekaa kwenye mikeka, hawazungumzi. Nadhani ni msiba wake, lakini yeye mwenyewe anapita katikati ya watu akiwagawia vikombe. Mama yake anachambua mchele. Namwamkia, "Shikamoo, mama," naye anaendelea kuchambua. Tunu ananionyesha kwa mkono mahali pa kukaa. Nakaa, na nilipokaa si mkeka tena, ni benchi, na benchi liko nje ya ofisi ya Bwana Mhina. Tuko wawili tu. Mlango umefungwa. Ndani mtu anacheka kwenye simu. Tunu amevaa gauni la kazi, lile la buluu, amebana magoti kama mtu aliyeambiwa ataitwa sasa hivi.

Tunakaa muda mrefu. Najua ni mimi ninayetakiwa kubisha hodi. Nainuka, nafika mlangoni, mkono haupandi. Nageuka kumtazama.

"Hukuingia," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyosema mvua imekatika.

"Siku ile nilirudi kuchukua viatu vyangu," akaendelea. "Nilikuwa hapa kwenye korido. Nilikuona umesimama, halafu ukaondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utaingia kesho yake."

Nafungua kinywa nimjibu, na tuko barabarani, mbele ya mgahawa wa Mama Asha, mama mmoja wa mtaani kwetu. Mama Asha anapakua wali. Anamwambia Tunu aje aanze leo, anahitaji mtu. Tunu anamjibu kwa adabu kwamba ameahidiwa kazi hotelini. Mama Asha anauliza tena, Tunu anajibu yaleyale, na kila akijibu kunatokea mwanamke mwingine anafunga aproni na kuingia jikoni. Mimi nimesimama pembeni. Najaribu kusema kwamba hakuahidiwa, na sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyejifunika shuka kichwani.

Kisha jikoni pakawa kimya, na Tunu yuko karibu nami kabisa.

"Sikukujia kwa yangu," alisema. "Mariamu usimweke benchi. Kama utamsemea, msemee. Kama huwezi, mwambie huwezi, aende kwingine."

"Na wakiniondoa mimi?"

"Watakuondoa tu, shoga. Hata usiposema neno."

Niliamka mkono wa kulia umekufa ganzi kwa kuulalia. Kulikuwa kumekucha. Nilikaa kitandani nikiuchua mpaka ukaanza kuwasha, huku nikiyarudia maneno yake nisije nikayapoteza kwenye kunawa uso. Sikulia. Nilivaa, nikapita kwa Mariamu kabla ya kwenda kazini.

Nilimkuta nje anapiga mswaki.

"Dada Mwanaidi, salama? Mbona asubuhi hivi?"

"Salama. Jana nilikudanganya. Nafasi ipo."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilianza na mlango wa Bwana Mhina, nikaja kwenye miezi miwili, nikamalizia na ndoto. Alinisikiliza mswaki ukiwa mkononi, povu limemkaukia mdomoni. Nilipofika kwa Mama Asha alinikatiza.

"Ni kweli alimtaka," alisema. "Mara mbili. Dada akakataa, akasema Mwanaidi ameshamsemea."

Mimi sikukumbuka kuwahi kuambiwa habari hiyo. Huenda niliisikia msibani nikaisahau. Sijui.

"Leo nitazungumza na Mhina," nilimwambia. "Siwezi kukuahidi kitu. Jioni nitakuja nikwambie alichosema, hata kikiwa kibaya."

"Njoo kweli," alisema. Akasukutua, akatema maji, akaingia ndani. Hakunikaribisha.

Saa nne asubuhi nilibisha hodi. Bwana Mhina alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia nimesikia meza ya pasi itakuwa wazi Jumatatu na kwamba nina mtu.

"Ni nani wako?"

"Mdogo wake Tunu."

"Tunu yupi?"

Nikamwambia ni yule aliyekuwa meza ya dirishani. Alifikiri, kikombe kikiwa hewani. Alikuwa amemfanyisha kazi karibu miaka miwili.

"Aah," alisema mwishowe, ingawa nadhani hakumkumbuka. "Anajua kupiga pasi kola?"

"Anajua."

"Akiunguza shati la mgeni, mtaondoka wote wawili."

"Sawa."

"Basi aje. Siku tatu kwanza, tumwone."

Ilichukua muda mfupi kuliko chai yake kupoa. Nilitoka nikasimama pale kwenye korido, na jambo lililonishangaza ni wepesi wake. Siku zote nilikuwa nimeufanya mlango ule kuwa mzito. Sisemi kwamba angemrudisha Tunu. Pengine angenifukuza mimi, pengine angetufukuza sote. Lakini Tunu angejua siku ileile, na Mama Asha alikuwa bado anatafuta mtu.

Jioni nilikwenda kwa Mariamu kama nilivyosema, nikampa maneno ya Mhina bila kupunguza hata yale ya kola. Aliniuliza kama baada ya siku tatu ataajiriwa. Nikamwambia pale hakuna aliyeajiriwa, tunaitwa tu, na siku tutakapoacha kuitwa hatutaelezwa. Akasema amesikia, atakuja, na kwa Mama Asha pia ataendelea kupita kuuliza. Nikaona ana akili kuliko sisi wawili tulivyokuwa.

Mimi niliachwa kabla ya mwaka ule kuisha, kimyakimya, kama wengine. Mariamu akabaki. Lakini hayo yalikuwa bado.

Jumatatu ile, siku yake ya kwanza, tulitoka pamoja saa kumi na moja. Mchana kutwa alikuwa amezungumza nami mambo ya kazi tu, nilete maji, nishike huku. Tulipokaribia sokoni akapunguza mwendo.

"Dada, alikuwaje?"

"Nani?"

"Tunu. Mimi hajanijia hata mara moja. Alikuwa amekonda vilevile?"

Nilifikiri kwanza, nisije nikamdanganya tena.

"Hapana," nikasema. "Mashavu yalikuwa yamejaa. Alikuwa kama kabla hajaugua."

Mariamu aliitikia kwa kichwa. Akauhamishia mkoba bega la pili, tukaendelea kutembea.