Safu ya Solmok

Hyeon Mi-ok alikuwa mbishi tangu tumboni. Ndivyo alivyosema mama yake, Ko Chun-ja, mzamiaji wa kijiji cha Solmok kisiwani Jeju, na alipolisema hilo alikuwa anamsifu. Mi-ok mwenyewe bahari ilimkataa. Masikio yalimuuma kila alipozama. Akaenda kusomea kompyuta, akarudi, akaajiriwa na ushirika wa wazamiaji kutunza hifadhidata ya mavuno.

Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza. Ndani ya hifadhidata kila mzamiaji alikuwa na mstari wake kwa kila siku aliyozama: jina, kijiji, uzito wa konokono wa baharini na mwani. Mistari hiyo ilishuka tu chini, na hakuna mkubwa aliyekuwa na subira ya kuisoma. Basi Mi-ok aliandika amri ya kuijumlisha na kuisimamisha, kila kijiji kikapata safu yake wima. Ila mashine haibahatishi majina ya safu. Sharti uyataje moja moja, na kijiji usichokitaja hakitokei kwenye ripoti, hata kama wazamiaji wake wamejaa tele humo ndani.

Mkurugenzi Bu aliijua kasoro hiyo, na aliipenda.

"Bi Hyeon, ripoti haienei kwenye ukurasa," alimwambia siku moja kabla ya mkutano mkuu. "Itoe Solmok."

"Niitoe kwa nini?"

"Vikongwe wanaookota mwani kwenye maji ya magoti. Hayo nayo mavuno?"

"Ile ni bahari ya mabibi, Mkurugenzi. Vijana hawaigusi, wanawaachia wazee, hata wa vijiji jirani. Hata mama yako alimalizia huko."

"Mama yangu mwache alipo. Itoe."

Mi-ok aliondoa mikono kwenye kibodi. Kwa sheria ya ushirika, kijiji kisichoonyesha mavuno kwenye ripoti ya mwaka hunyang'anywa bahari yake, ikapewa kijiji jirani. Na kijiji jirani cha Solmok ndiko alikozaliwa Bu. Ukurasa, eti!

"Siitoi," alisema.

"Basi kesho njoo na barua ya kuacha kazi."

"Nitakuja na ripoti."

Kesho yake wazamiaji walijaa ukumbini, wamevua viatu, wameketi kwenye sakafu inayopashwa joto na moto wa chini yake. Ripoti ikamulikwa ukutani. Solmok ilikuwepo, safu ya mwisho, herufi zimebanana kweli. Bu alibadilika rangi.

"Haya maandishi nani atayasoma?" akauliza. "Bi Hyeon, futa ile ya pembeni."

"Mimi nayasoma," akadakia Chun-ja. "Na miwani nimesahau nyumbani."

Ukumbi ukacheka. Bu hakucheka.

"Nimesema ifutwe."

Mi-ok akasimama, akamsogezea kompyuta mpaka kifuani.

"Futa wewe, Mkurugenzi. Ni neno moja tu, kidole kimoja kinatosha. Lakini kwanza geuka, waangalie wenyewe."

Bu aligeuka nusu tu. Alishikashika tai yake, akitafuta mtu wa kumuunga mkono katika safu ya mbele, walikoketi akina mama wa kijiji chake. Mmoja wao, aliyemzidi umri sana, akamnyooshea kidole.

"Wee Bu, kaa chini. Bahari tunayo ya kututosha. Ukiichukua ile ya mabibi, mimi nikizeeka zaidi ya hapa nitazamia wapi, bafuni kwako?"

Akakaa. Solmok ikabaki na bahari yake, na jioni hiyo Chun-ja alimpikia binti yake uji wa konokono bila kumsifu hata kwa neno, maana aliogopa angelia.

Wiki iliyofuata Mi-ok alikabidhiwa barua ya onyo. Aliisoma mpaka mwisho, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Kisha akafungua amri ya ripoti, akalitoa jina la Solmok kule mwisho, akaliandika la kwanza.