Mama aliyekuwa akiungama dhambi ileile kila Jumamosi

Wakuu, amani kwenu kutoka Butembo.

Nimesoma uzi wa ndugu mmoja anayeuliza kama kuna dhambi ambayo Mungu anakataa kumsamehe mtu aliyetubu. Mimi si mtaalamu wa teolojia. Nilikuwa katekista tu, na nawaletea nilichokiona, bila chumvi. Mwenye habari ameniruhusu, ila jina nimebadilisha.

Ilikuwa wakati wa vita, huku kwetu kukiwa chini ya waasi.

Tumwite Mama Masika. Alikaa kijijini upande wa Beni na mama mkwe wake, Koko Kahambu (koko kwetu ni bibi), mwenye mguu mbovu. Mume alikuwa Manguredjipa akichimba dhahabu.

Asubuhi moja risasi zikalia. Masika alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akamkokota koko hadi kwenye shamba la kahawa, akamwambia, "Koko, bakia hapa. Nitarudi kukubeba."

Hakurudi. Aliogopa, akafuata msafara wa watu mpaka Butembo, akawa jirani yangu.

Koko hakufa. Wanakijiji walimkuta kwenye kahawa, baadaye wakamleta kwa baiskeli. Masika alipomwona mlangoni alianguka chini akilia.

Koko akasema, "Lakini munipe kwanza chakula! Machozi hapana shibisha mutu."

Basi wakaishi pamoja, na hakuna aliyeigusa tena habari ile.

Lakini kila Jumamosi Masika alikuwa kwenye mstari wa kuungama. Jumapili anamshika koko mkono hadi mbele, koko anakomunika, yaani anapokea ekaristi, yeye anakunja mikono na kurudi bila kupokea. Majirani wakaanza kunong'ona.

Niwaeleze taratibu wasio Wakatoliki. Ukiungama kwa majuto ya kweli, padri anakuondolea dhambi kwa jina la Mungu, kisha anakupa malipizi, yaani sala au tendo la kufanya. Imekwisha. Masika alikuwa anairudia ileile. (Padri hatoboi siri, wakuu. Haya mama mwenyewe alitusimulia baadaye.)

Siku moja padri akampa malipizi ambayo sijapata kuyasikia: "Usiungame tena dhambi hii."

Mnajua alifanya nini?

Alipanda lori hadi Lubero, akiaga parokia nzima eti anakwenda kununua viazi, ili aungame kwa padri asiyemjua! Kumbe Pasaka ilikuwa karibu, na wakati huo mapadri husaidiana kuungamisha. Akapiga magoti, akaanza maneno yake. Nyuma ya kiwambo sauti ikamuuliza:

"Mama, na huku viazi ni bei gani?"

Ni padri wetu.

Walicheka wote wawili. Halafu akamwambia, "Mungu alikusikia tangu mara ya kwanza. Sasa enda useme na ule mwenye uliacha."

Alirudi na gunia kweli. Wakiwa jikoni wanamenya, akamwambia koko yote. Koko hakuacha kumenya.

"Masika, mutoto yangu. Mie mwenye nilibakia mu kahawa, nilishatoka kule zamani. Weye mwenye ulikimbia, juu ya nini uko kule bado?"

Masika akalia.

"Na umenye muzuri. Unatupa nusu ya kiazi."

Siku ya Pasaka nilikuwa mbele nikipanga watu. Koko akapokea, lakini hakuondoka. Alimkamata Masika mkono, akasimama pale kama nguzo. Mstari wote ukasimama.

Masika akafungua kinywa kupokea. Amina yake ilisikika mpaka mlangoni.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kutubu si kusema tu, ni kupokea pia. Wengi tunajua kulia mbele za Mungu, lakini akitujibu tunadhani hajasikia. Msamaha wa Masika ulikuwa umefika nyumbani kwa baiskeli, umeketi jikoni unakula viazi, na yeye bado anautafuta kwenye kahawa.

Kama nawe uko kule, usijichukie. Rudi polepole.

Karibuni tuzungumze. Si lazima mtu ataje dhambi yake. Tuambie tu, umeshafika nyumbani?