Siku Kompyuta Ilipomkataa Mama Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kompyuta ilimkataa mama yangu mzazi. Nilikuwa msichana wa Kitengela, na barua yangu ya kuitwa chuo cha uuguzi ilikuwa imelala ndani ya imeili. Ilibidi niijibu kabla ya saa kumi na moja jioni kesho yake, la sivyo nafasi apewe mwingine. Na neno la siri nilikuwa nimelisahau.

Kompyuta ya kukodi ikaniuliza, ili inifungulie, mama yangu anaitwa nani. Nikacheka, nani asiyejua hilo? Nikaandika Syombua. Ikakataa. Nikajaribu kwa herufi kubwa, kwa ndogo, nikaongeza na jina la ubatizo. Ikakataa tu. Nilikasirika nikapiga meza, meza yenyewe ya watu.

Ndipo nikakumbuka. Imeili ile alinifungulia Lekishon, aliyekuwa na saiba, duka la kompyuta za kukodi, karibu na stendi. Mimi nilikaa kando nikitafuna njugu, nikamwambia, "Jaza chochote, bora ifunguke." Naye akaniambia amejaza jina la mama yake. Sasa Lekishon alikuwa ameenda kazi ng'ambo, simu haishiki.

Alfajiri nikashika njia ya kwao Kimuka. Moyo ulinidunda kama wa mtu anayeenda kuposa. Kila niliyemuuliza alimjua Mama Lekishon, lakini jina lake la kuzaliwa hakuna aliyethubutu kulitaja. Kwa Wamaasai, jina la mzazi halitajwi ovyo. Nikamkuta mlangoni akisafisha kibuyu cha maziwa.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia, kisha nikaropoka, "Mama, naomba uniambie jina yako."

Akaweka kibuyu chini. "Jina yangu hata watoto wangu hawaitaji. Wewe unaitakia nini?"

Nikamweleza yote. Aliposikia mwanawe ameliandika kwenye kompyuta, alicheka hadi akashika mlango. Halafu akanikazia macho.

"Wewe ulipata ng'ombe, ukaachia kijana yangu akate masikio yake na alama ya boma yetu. Sasa unashangaa ikikuja kwetu?"

Niliona aibu hadi kwenye nyayo, mwanangu. Akaniinamia, akanitajia jina lake sikioni, polepole.

"Ukifungua, toa jina yangu huko ndani. Weka ya mama yako."

Nilikimbia hadi Ngong, nikaingia saiba ya kwanza niliyoiona, nikaandika. Ikafunguka. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia mama mmoja aliyekuja kutoa kopi. Nikajibu barua, kisha nikalitoa lile jina kama nilivyoagizwa. Miaka yangu yote ya kuhudumia wagonjwa hapa Kajiado ilianzia hapo.

Basi sikia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Usimwachie mtu akufungulie mlango wako kwa ufunguo wake, hata awe mwema kama Lekishon. Neno lako la siri liandike kwa vidole vyako, uliweke kwenye daftari ndani ya sanduku unalolifunga mwenyewe. Ukisahau, uliza, kuuliza si ujinga.

Na lile jina la yule mama? Hata wewe sikutajii. Aliniamini nalo mara moja tu, na hiyo inatosha.

Mungu akufungulie kila mlango ulio wako, mwanangu, na akupe watu wa kukuamini. Itikia kama watu wa Kimuka wanavyomwita Mungu katika maombi: Naai.